Wenye migahawa midogo: hamu ya kuamka saa 10 alfajiri ikishaisha, inarudishwaje?

#1 Mwiko wa Chuma
Wakuu, habari. Naongelea migahawa ya meza nne hadi nane: supu na chapati asubuhi, wali, ugali na ndizi mchana, wahudumu wawili, mwenye mali yumo jikoni. Hoteli za kitalii zina uzi wao.

Mtaa wowote mtindo ni uleule. Miezi ya mwanzo mwenye mgahawa anafika sokoni kabla ya makuli. Baadaye anaanza kumtuma dogo. Kisha supu inatoka saa 2 badala ya saa 12. Kisha Jumatatu hafungui, "kuna msiba". Mwisho unaona karatasi mlangoni, fremu inapangishwa. Muulize kulikoni, atakwambia "nimechoka tu, hamu imeisha". Na wateja walikuwepo!

Hoja yangu: hamu haitoki moyoni, inatoka kwenye daftari. Anayejua ni sahani ya ngapi inayoanza kumlipa, huyo anaamka. Asiyejua anaona anawafanyia kazi mwenye nyumba na muuza mchele, na mara nyingi kweli anawafanyia. Wale wa "amini ndoto yako" waende ukumbi wa semina. Hapa shusheni nondo.

#2 Kijiwe cha Supu
Uzi tayari. Nakaa benchi la nyuma, mtakaponihitaji kwenye makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe, mniite.

#3 Mhasibu wa Mtaa
Mleta uzi, tuweke namba mezani. Ni za mfano, kila mtu aweke bei za mtaa wake.

Sahani 80 kwa siku, bei 2,500, mauzo 200,000. Mali ghafi yote, mchele, maharage, nyama, mboga, mafuta, viungo: 110,000, yaani 1,375 kila sahani. Nishati 12,000. Wahudumu wawili 20,000. Pango la 150,000 kwa mwezi ukiligawa kwa siku 26 za kazi ni kama 5,800. Maji, sabuni, tishu, vijiti, taka 6,000. Umeme, leseni na ushuru 3,000. Jumla 156,800. Kinachobaki 43,200.

Hamu inafia hapo hapo, kwa sababu hiyo 43,200 haina jina. Mtoto akiomba daftari inatoka humo, kikoba humo humo, shemeji akipita anakatiwa ya nauli. Jioni ukifungua kijaluba kuna 9,000 na vumbi la sarafu. Masaa 15 miguuni kwa 9,000, nani ataamka kesho?

Ipe majina kabla ya kuigusa. Mshahara wako 20,000, unalipwa kama mpishi wa kuajiriwa na hauruki hata siku moja. Mfuko wa vyombo 5,000, kwa sababu sahani za melamini zinapasuka na sufuria zinatoboka bila kukuuliza. Iliyobaki, 18,200, ndiyo faida, na faida haililiwi sokoni.

Sasa ile namba ya mleta uzi. Sahani moja ikiuzwa inaacha 1,125 baada ya mali ghafi. Gharama zinazokuja uuze usiuze ni 46,800. Gawanya: sahani ya 42 ndiyo inayomaliza deni la siku. Ongeza mshahara wako na mfuko wa vyombo, inakuwa sahani ya 64. Kuanzia ya 65 unajipikia wewe. Andika 42 na 64 kwa chaki juu ya jiko, uone kama saa 8 mchana utakuwa umekaa.

#4 Dada Upawa
Mhasibu, hesabu tamu, lakini umeuza sahani zote 80. Mgahawa gani huo usiobakiza?

Zikibaki sita tu, mauzo yanashuka 15,000 na mali ghafi ulishazinunua. Ile 43,200 inakuwa 28,200. Sahani sita zimekula zaidi ya theluthi ya jasho lako. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu faida, hesabu sahani.

Njia isiyohitaji simu wala daftari ni vizibo vya soda. Asubuhi weka vizibo 100 kwenye bakuli jekundu karibu na sufuria ya wali. Kila sahani inayotoka, kizibo kimoja kinahamia bakuli la bluu. Ya kubeba ni kizibo. Ya mhudumu ni kizibo. Ya mwanao aliyetoka shule, kizibo. Jioni unahesabu bluu na kuandika namba moja tu kwenye kalenda. Baada ya wiki nne unajua Jumanne zako ni 61 na Ijumaa ni 94, na Jumanne hupiki sufuria ya Ijumaa.

Pili, upawa. Kilo 10 za mchele zikiiva zinatoa kama kilo 26 za wali. Mchele wa zamani unafyonza maji zaidi na kujaa, mpya unafyonza kidogo na kushikana. Toa kilo moja ya ukoko, zimebaki 25. Ukipakua gramu 330 unapata sahani 75. Mhudumu mwenye huruma akipakua gramu 400 unapata 62. Sahani 13 zimeyeyuka hakuna aliyeiba! Nunua mizani ya jikoni ya kilo 5, pima mara moja, tafuta bakuli linalobeba gramu 330 likisawazishwa kwa mwiko, basi. Bakuli ndilo kipimo, siyo mkono wa mtu.

#5 Msela wa Mabibo
Kumbe ile "dada niongeze kidogo" yangu ndiyo inayofunga migahawa ya watu 😂

#6 Dada Upawa
#5 wewe ni gramu 70 zinazotembea.

#7 Fundi Majiko
Nawasoma wahasibu kwa heshima, ila kuna jambo mmeliruka. "Nimechoka, kichwa kizito, sitaki hata kuona chakula" kila siku kuanzia saa 5 asubuhi, na Jumapili ukikaa nyumbani huna tatizo. Hiyo mara nyingi si hamu. Ni hewa ya jikoni.

Mkaa unatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni, ndiyo maana watu wanaiamini. Inatoka kwa wingi mkaa unapowashwa na pale jiko linapokosa hewa, mfano limefunikwa kabisa na sufuria pana au limejaa majivu chini. Dalili zake ni kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, magoti kulegea. Ukitoka nje unapata nafuu. Mtu anadhani amechukia biashara, kumbe damu yake haibebi oksijeni ya kutosha.

Cha kufanya:
- Washa jiko nje, liingie ndani makaa yakiwa mekundu yote. Hilo linapunguza tu, haliondoi, hivyo usiishie hapo.
- Weka matundu mawili, moja chini upande wa mlango na jingine juu ukuta wa pili, karibu na bati. Dirisha moja halivuti hewa.
- Mvua ikinyesha usishushe turubai mpaka chini. Hapo ndipo watu wanaanguka.
- Kokoa majivu kila baada ya sufuria kubwa.
- Wa gesi wasicheke. Moto wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria unamaanisha matundu ya bana yameziba. Yazibue kwa waya mwembamba, moto urudi bluu.

Na kunywa maji. Mpishi anayeishi kwa chai ya rangi na kuonja mchuzi, saa 9 mwili umekauka.

#8 Chapo Madondo
Hamjambo kutoka Nairobi. #7 umesema kweli kabisa, vibanda vya mabati huku ni hivyo hivyo.

Lakini mimi nashikilia ni usingizi. Si pesa, si hewa. Ukilala saa 5 usiku na kuamka saa 9, utachukia hata harusi yako. Na sababu ya kuamka saa 9 ni kwamba kazi ya jana usiku inafanywa asubuhi.

Hamisha kazi. Madondo yalowekwe usiku, yakae kwenye maji kwa muda wa saa 8 hadi 12, asubuhi umwage hayo maji na kuweka mapya. Nyanya na ndimu zisiguse sufuria mpaka yaive, kwa sababu asidi inayafanya maharagwe kuwa magumu. Magadi kidogo yanaharakisha, lakini ladha inakuwa ya sabuni na vitamini B1 inaharibika. Yakikataa kuiva hata baada ya kulowekwa, ni ya zamani, badilisha muuzaji.

Chapo nazo: pakiti ya unga ya kilo 2, maji kama lita 1.15, mafuta gramu 150, jumla kilo 3.3, unapata madonge 30 ya gramu 110. Kanda usiku, paka mafuta, funika, weka kwenye friji. Asubuhi toa nusu saa kabla ya kusukuma. Donge la baridi linarudi nyuma ukisukuma na chapo inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma.

Kwa hesabu hiyo unaamka saa 11, si saa 9. Masaa mawili ya usingizi kila siku. Hiyo ndiyo motisha.

#9 Mwiko wa Chuma
Chapo Madondo, ukihamishia kazi usiku si umehamisha uchovu tu? Mtu anafunga saa 1 jioni, anakanda unga saa ngapi?

#10 Chapo Madondo
Saa 9 hadi 11 mchana wateja wamepungua na wahudumu wanachezea simu. Hapo ndipo mchele unachambuliwa, kitunguu kinamenywa, unga unakandwa. Usiku ni kuloweka tu, dakika tano. Hiyo saa imelala bure na unawalipa.

#11 Bwana Dagaa
Mnazunguka. Semeni ukweli, kuna chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za mtu. Mtu anauza mpaka jioni, wateja wanapishana, pesa haionekani. Utaita hewa? Utaita usingizi? Anakuja mtu na noti ya elfu kumi, anataka chenji, akiondoka droo imepungua. Hamu itatoka wapi?

#12 Msela wa Mabibo
Nilikuwa nasubiri nani ataanza 😂😂

#13 Dada Upawa
Bwana Dagaa, sikatai imani ya mtu. Ila kabla ya kwenda kwa mtaalamu, funga milango mitatu.

Wa kwanza: hesabu chenji ya kuanzia asubuhi, iandike. Kama ni 30,000, jioni toa 30,000 kwanza ndipo uhesabu mauzo. Wengi wanaanza bila namba, wanamaliza bila namba, halafu wanasema imepungua.

Wa pili: linganisha vizibo na pesa. Vizibo 70 mara 2,500 ni 175,000. Droo pamoja na malipo ya simu yakisoma 152,000, kuna 23,000 imetoka kwa miguu yake.

Wa tatu: Lipa Namba ibandikwe ukutani ikiwa na jina la biashara, na ujumbe wa malipo uingie simu ya mwenye mali. Mahali ambapo mhudumu anamtajia mteja namba yake "kwa sababu ya bosi haina mtandao", chuma ulete ana jina na ana zamu.

Ukifunga yote matatu na pesa bado inapotea, njoo tuzungumze.

#14 Bwana Dagaa
Hayo yote yanafanyika na bado inapotea. Nyie wa mjini hamuwezi kuelewa.

#15 Kaka Marejesho
Mimi naelewa inakopotelea. Kausha damu, ile mikopo ya marejesho ya kila siku.

Mfano: mtu kachukua 500,000, anarudisha 20,000 kila siku kwa siku 30. Hiyo ni 600,000, riba ya asilimia 20 kwa mwezi mmoja. Sasa rudi #3: faida ya mgahawa mzima wa Mhasibu ni 18,200 kwa siku. Marejesho ni 20,000. Kila siku anakula mshahara wake 1,800, na siku sahani sita zikibaki anakula 16,800 ya mshahara huo. Wiki ya tatu anakopa kwingine alipe hapa. Anayeamka saa 10 ili alipe deni la kijana wa pikipiki haamki na hamu hata kidogo, anaamka na hofu. Na hofu inaisha nguvu haraka.

Kanuni: marejesho ya siku yasizidi theluthi ya faida, na faida ni ile ya baada ya mshahara. Kwa 18,200 ni kama 6,000. Mkopo usiotoshea hapo si wa mgahawa huo. Zipo zile fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hazina riba. Zinataka kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa makaratasi. Anza kuzifuatilia kabla hujabanwa, kwa sababu haziji kwa dharura.

#16 Mtoto wa Ngamiani
Asalaam aleikum. Tanga hapa. Sababu kubwa hamjaitaja: mwenye mgahawa hawezi kuondoka. Akiumwa siku mbili, ladha imebadilika, wateja wamehama. Amejifunga kwenye jiko lake mwenyewe. Mfungwa hana hamu, hata jela iwe ya dhahabu.

Dawa yake ni kuandika ladha kwa mizani ili mwingine apike na mteja asijue. "Weka binzari kiasi" si maelekezo. Pilau ya kilo 10 za mchele: nyama kilo 5, vitunguu maji kilo 2, mafuta lita 1 na robo, kitunguu saumu gramu 300, tangawizi gramu 250, binzari nyembamba gramu 100, pilipili manga gramu 30, mdalasini gramu 30, hiliki gramu 20, karafuu gramu 15. Viungo vikavu vifungwe kwenye mifuko midogo ya dozi, kila mfuko sufuria moja. Msaidizi anachana mfuko, anamimina, hana nafasi ya kukisia.

Kitunguu ndicho kinachoharibika mikononi mwa mgeni. Kikaangwe mpaka kahawia ya chokoleti, si ya dhahabu. Kikitolewa mapema pilau inapauka, kikizidi sekunde chache inakuwa chungu. Piga picha ya rangi inayotakiwa, ibandike ukutani.

Mtu wa pili akishaweza sufuria tatu mfululizo, mwenye mali anaweza kulala Alhamisi. Usiku wa Jumatano hamu inarudi yenyewe.

#17 Mpemba Halisi
Karafuu gramu 15? Ngamiani, unapika pilau au unatibu jino? Kilo 10 za mchele gramu 8 zinatosha, ukizidisha ulimi unakufa ganzi na mteja haonji kitu kingine.

#18 Mtoto wa Ngamiani
Nyie mnazilima na mnaziogopa. Gramu 10, tumalizane.

#19 Kijiwe cha Supu
Nauliza tu: nyanya kwenye pilau, ndiyo au hapana?

#20 Mpemba Halisi
Hapana.

#21 Chapo Madondo
Ndiyo, moja au mbili.

#22 Mwiko wa Chuma
Wakuu, uzi wa nyanya ufunguliwe kando. Turudi.

#23 Bwana Afya
Narudi kwa #4, mabaki. Kuna wanaosoma hesabu ya sahani sita na kuamua ziuzwe kesho. Angalieni. Wali uliokaa vuguvugu kwenye sufuria lililofunikwa ni nyumba ya bakteria Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka kwa kawaida, na sumu inayotapisha haiondoki ukiupasha moto. Wali au ukae wa moto kweli, zaidi ya nyuzi 60 mpaka unauzwa, au utandazwe kwenye trei pana upoe haraka na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kiporo kilicholala jikoni kitupwe.

Meza nzima ya mafundi ikihara siku moja, mtaa unajua kabla ya saa 10 jioni. Hiyo inaua hamu kuliko pango. Na vyeti vya kupima afya, nyie pamoja na wahudumu wenu, miezi sita ikipita vifuatilieni wenyewe, msisubiri mkaguzi aingie wakati wa msosi.

#24 Mhasibu wa Mtaa
Kuhusu asilimia, kuna mtu kanifuata pembeni anasema 55 ya mali ghafi ni nyingi. Ndiyo, kwa mgahawa wa menyu ya karatasi. Kwa sahani ya 2,500 yenye nyama, maharage, mboga na tunda, kati ya 50 na 60 ndipo wengi walipo. Unachoshusha siyo ubora, ni upotevu. Nyama kilo moja ikichemka inabaki gramu 650 hadi 700, hivyo anayepanga vipande kwa uzito wa buchani amejidanganya tangu asubuhi. Kata, chemsha, ndipo uhesabu vipande.

#25 Mlipa Kodi
Mhasibu, ile 3,000 ya "umeme, leseni na ushuru" haitoshi. Mauzo ya 200,000 kwa siku 26 ni milioni 5.2 kwa mwezi, milioni 62.4 kwa mwaka. Ngazi isiyolipa kodi ya makadirio inaishia mauzo ya milioni 4 kwa mwaka. Wewe umeivuka kabla ya mwezi wa kwanza kuisha. Weka kando kila siku kwa jina la kodi, tofauti na la umeme, na nenda ofisini na daftari lako. Asiyekuwa na daftari anakadiriwa, na makadirio hayajui kwamba Jumanne ni sahani 61.

#26 Mhasibu wa Mtaa
Sawa, ongeza hapo, sahani ya 64 inasogea. Ndiyo maana nilisema kila mtu aweke zake.

#27 Dada Chipsi
Hakuna aliyezungumzia kuchoshwa na menyu? Mtu anapika wali maharage siku 300 kwa mwaka. Mikono inafanya kazi, akili imelala. Mfundi wa chipsi ndiyo kabisa, kiazi, kiazi, yai, kiazi.

Sisemi ubadilishe menyu nzima, utaua wateja wa kudumu. Badilisha sahani moja, siku moja kwa wiki, kiasi kidogo. Jumatano ni kisamvu cha nazi, sahani 15 tu, zikiisha zimeisha. Wateja wanaanza kuuliza "leo ipo?" na mpishi anapika akiwa na kitu cha kuthibitisha. Zikiisha kabla ya saa 7 wiki tatu mfululizo, pandisha mpaka 25. Zikibaki, ondoa bila huruma.

Kwa wa chipsi, hamu yenu inaishia kwenye mafuta machafu. Moto usizidi nyuzi 180. Kausha viazi kwa kitambaa kabla ya kutosa, maji ndiyo yanayoyatokosa mafuta na kuyapa povu. Chumvi itiwe kwenye sahani, siyo juu ya karai. Kila usiku chuja mabaki meusi. Mafuta yakitoa moshi mapema, yakiwa mazito na povu halishuki, yamwage. Na usinunue viazi kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Dai kilo, kwa sababu kiazi kikimenywa na kukaangwa kinabakiza kama nusu ya uzito, na ile nusu huwezi kuipangia bei kama hujui umeanza na kilo ngapi.

#28 Msela wa Mabibo
Na mikopo ya wateja je? Mtu anakula wiki nzima, "nitalipa Jumamosi", Jumamosi kahamia saiti nyingine.

#29 Kaka Marejesho
Kikomo sahani tatu, jina na namba ya simu, na mkopo mpya hauanzi mpaka wa zamani uishe. Kwa mafundi wa saiti usimkopeshe fundi, ongea na msimamizi wao akate kwenye posho. Bango la "leo taslimu, kesho mkopo" linafanya kazi kwa wageni tu, jirani hulisoma kama pambo.

#30 Mpemba Halisi
Kuhusu siku ya kupumzika ya #16, huku kwetu Ramadhani mchana tunafunga biashara, inabaki futari na daku. Wanaouona ule mwezi kama hasara wanaumaliza wamechoka. Wanaoupangia wanapaka rangi, wanabadilisha viti, wanasafisha bomba la maji machafu, wanamfundisha msaidizi, jioni wanauza tambi, kunde na uji wa kubeba. Idd Mosi mgahawa mpya.

#31 Fundi Majiko
Swali limekuja pembeni, mkaa au gesi kipi kinaleta nafuu. Msibishane kwa mdomo, pimeni. Mtungi wa kilo 15 una uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye kola. Uweke kwenye mizani siku ya kwanza na baada ya siku nne. Kama ulianza na kilo 31 na sasa ni 24.6, umetumia 6.4, yaani kilo 1.6 kwa siku. Zidisha kwa bei ya kilo, linganisha na gunia lako lilivyokaa siku ngapi. Ongeza na muda: gesi haisubiri nusu saa kushika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania, kwa hiyo shinikizo la kuacha mkaa litaongezeka. Bora ujue namba zako mapema.

#32 Bwana Dagaa
Hizo mizani mnazozitaja kila post, mwenye mtaji wa 300,000 atazitoa wapi?

#33 Dada Upawa
Anza na ile ndogo ya jikoni. Ya mtungi azima kwa muuza mkaa au muuza gesi, unapima dakika moja unarudisha. Vizibo ni bure, pita baa yoyote asubuhi.

#34 Bwana Dagaa
Vizibo vya baa ndiyo vinavyoleta hayo mambo niliyosema #11.

#35 Mwiko wa Chuma
Tumia punje za mahindi basi 😂 Kijiwe cha Supu, tumefika kwenye makongoro. Kilo ngapi kwa lita ngapi, na yanawashwa saa ngapi ili saa 12 yawe tayari?

#36 Kijiwe cha Supu
Yababue na kuyakwangua mchana. Kilo 6 kwa lita 18 za maji, chumvi na tangawizi, yachemke kwa nguvu kisha moto mdogo kuanzia saa 10 jioni mpaka unafunga. Yapoze haraka kama #23 alivyosema, gawa kwenye vyombo vipana, ingiza kwenye friji. Saa 11 alfajiri yachemshe tena vizuri, ndimu na pilipili viende mezani visiingie kwenye sufuria. Kama huna friji, pika ya siku hiyo hiyo, uuze kuanzia saa 3.